Mabega ya Koti la Marehemu

Koti la marehemu mume wangu limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea miaka saba sasa, na mabega yake hayajashuka hata kidogo. Nililishona mwenyewe. Ndani ya kila bega niliweka pedi nene, kwa sababu mume wangu alizaliwa bila mitulinga, ile mifupa miwili inayoshikilia mabega chini ya shingo.

Nyumbani, akiwa kifua wazi, aliweza kuyakutanisha mabega yake chini ya kidevu kama mtu anayefunga kitabu. Akitaka kupita kati ya cherehani na kabati, hujikunja hivyo na kusema, "Nipisheni, fundi kanikunja."

Nami humjibu, "Pita, kesho nitakupiga pasi."

Tulicheka kila mara, kana kwamba ni jipya.

Binti yetu alitoka vilevile. Paji pana, pua bapa, utosi uliochelewa kufunga hadi akaanza shule, meno ya utoto yaliyogoma kung'oka. Daktari alisema ni ugonjwa wa nadra wa mifupa, mtu huzaliwa nao. Watu walinong'ona yao. Baba yake alimpakata, akamtazama weee, akasema, "Pacha wangu." Jina likamganda.

Jumamosi asubuhi Pacha alilishusha lile koti. Jumatatu anaanza kufundisha, darasa lake la kwanza.

"Mama, nipunguzie mikono. Halafu toa hizi pedi."

"Nikizitoa, koti litalala."

"Na mimi ndivyo nilivyolala. Wanione siku ya kwanza, wamalize kushangaa, tusome."

"Watoto wana midomo, mwanangu."

"Hata mimi ninao. Tena una meno ya akiba."

Nilicheka bila kupenda, lakini mkono haukwenda kwenye mkasi. Kila nikimaliza sala ya alfajiri huligusa koti lile begani, na huwa kama vile mwenyewe amenipa mgongo tu, atageuka sasa hivi.

"Nitakushonea jipya," nikamwambia.

"Nataka la baba." Akabonyeza pedi moja kwa kidole. "Kwani yeye ndiye aliyeziomba?"

Hakuomba. Nilizitia kwenye suti ya harusi yetu, nikihofia macho ya ndugu zangu. Alijitazama kiooni muda mrefu, kisha akasema, "Ahsante, fundi." Basi nikaendelea, nguo baada ya nguo, miaka ishirini na mitatu. Sikumwuliza hata siku moja. Nimemwomba Mungu mengi juu ya mume wangu. Asubuhi ile nilitamani arudishwe kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano tu, anijibu hilo.

Nikachukua wembe, nikafumua bitana. Pedi zilitoka ngumu, zimekolea jasho lake, zimeshika mviringo wa mabega ambayo hakuwa nayo.

Pacha akalivaa. Kitambaa kikashuka, kikamtulia. Akataka kwenda kwenye kioo cha sebuleni, na njia ni ile ile, kati ya cherehani na kabati. Akayakutanisha mabega.

"Nipisheni, fundi kanikunja."

Jibu lilinijaa kinywani, lina miaka saba. Nilibaki na pedi mbili, moja kila kiganja, nikamsogezea kiti apite.