Gari la Misiba

Benchi la ofisi ya mbunge lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja. Mama Pacha alilitambua lile tofali. Lilitoka kwenye tanuri la mumewe. Alama ya kidole gumba, anayoibonyeza ubavuni kabla udongo haujakauka, ilionekana waziwazi. Alikaa upande wenye tofali, maana ndio aliouamini, akangoja.

Katibu wa mbunge alikuwa kwenye simu akipanga viti. Viti vya plastiki viende kwa marehemu mwalimu, vingine vivuke mto kwa marehemu mama mkwe wa mwenyekiti, na lile turubai kubwa lisisahaulike kama juzi. Alipanga vizuri, kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. Alipomaliza alisimama, akatoa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Nani ametutoka?"

"Marahaba, mwanangu. Hajatutoka mtu. Baba Pacha anaumwa."

Katibu akakaa tena.

Mama Pacha alieleza. Ngiri ya siku nyingi, ya kubeba udongo. Jana ilitoka ikakataa kurudi, na sasa tumbo limekaza kama ngozi ya ngoma, hata maji anayatapika. Muuguzi wa zahanati hakuzunguka: utumbo umenyongwa, huyu ni wa kisu, na kisu kiko hospitali kubwa. Jua la leo lisizame akiwa hapa. Walijaribu pikipiki, akazimia kabla hawajafika kwenye kijito, wakarudi naye wamembeba mikononi. Lori la matofali limekaa juu ya mawe tangu masika, halina magurudumu. Kukodi gari ni bei ya ng'ombe, nao hawana hata kuku.

"Na gari si hilo hapo nje, mwanangu?"

"Lile ni la misiba, mama."

"Najua. Lakini leo limelala."

"Halijalala. Linasubiri." Katibu alishusha sauti, kama mtu anayemwelewesha mzazi wake. "Nisikilize, mama yangu. Hakuna nyumba jimbo hili isiyo na mgonjwa. Tukimbeba mmoja, kesho hapa patajaa. Na mgonjwa hana mwisho. Leo unampeleka, keshokutwa unamfuata, mwezi ujao kazidiwa tena. Msiba ni siku moja. Halafu watu wanakuwepo."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkata Mama Pacha maini. Mtu mbaya unaweza kugombana naye. Huyu alimfungulia soda, akaifuta mdomo kwa kiganja, akampa.

"Kunywa, mama, jua kali. Na Mungu apishie mbali, lakini likitokea la kutokea, nipigie. Hatujawahi kuchelewa."

Hapo hakusema uongo. Barabara waliyoahidiwa haikuonekana, zahanati haikuwa na hata glavu, lakini hakuna aliyezikwa jimbo lile bila turubai la mheshimiwa, jeneza la mheshimiwa, na sauti ya mheshimiwa kwenye kipaza sauti. Watu walitaniana: ukitaka kumwona mbunge wako, kufa.

Nje, dereva alikuwa akiling'arisha gari, pikapu nyeupe yenye picha ya mheshimiwa kila mlango, anacheka mpaka magego. Mama Pacha alisimama naye na chupa yake ya soda.

"Kaka, ukienda hospitali kubwa kufuata maiti, unaenda na nani?"

"Peke yangu."

"Na huko nyuma kunakuwa na nini?"

Kitambaa kilisimama juu ya meno ya mheshimiwa. "Hewa, dada." Kisha akaendelea kufuta, kwa nguvu zaidi. "Usinitazame hivyo. Mimi ni wa usukani tu. Mwaka jana nilimpakia mama mmoja mjamzito, nikakaa miezi sina kazi. Nina watoto."

Nyumbani, Baba Pacha alikuwa amelalia ubavu, magoti kifuani. Kwikwi ilikuwa imemwanza. Kila ilipopiga alifumba macho.

"Wamesemaje?"

"Wanakuja," alisema Mama Pacha. Neno lilitoka kabla hajalijua.

"Kumbe na mimi mtu." Alitaka kucheka, maumivu yakamkatisha.

Mama Pacha alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama kwenye kivuli cha tanuri, simu mkononi. Aliwaza hivi: gari likishafika mlangoni, na mtu mzima analia kwa maumivu ndani, nani mwenye moyo wa nyama atakayeligeuza? Hakuwaza zaidi ya hapo. Alipiga. Alidhani itambidi ajilize, lakini kilio kilikuja chenyewe, kana kwamba kilikuwa kimekaa kooni tangu asubuhi kikingoja ruhusa.

"Mwanangu, Baba Pacha ametutoka."

"Pole sana, mama, pole sana! Jikaze. Tunakuja sasa hivi. Na bahati nzuri mheshimiwa yupo jimboni."

Kweli hawakuchelewa. Alikuwa bado anahangaika kumvalisha mumewe shati la kwendea hospitali aliposikia kipaza sauti kikija na wimbo wa maombolezo. Kijiji kizima kilisikia. Wanawake walitoka majumbani mikono kichwani, wanaume wakaacha majembe shambani. Pikapu ilisimama, na nyuma yake gari jeusi lenye vioo vyeusi. Vijana walishusha turubai, wakashusha viti, kisha wakashusha jeneza jipya linalonukia vanishi, lenye vishikio vya chuma, wakaliweka juu ya viti viwili mbele ya mlango. Mheshimiwa aliteremka, kipaza sauti tayari mkononi.

Mama Pacha alipiga magoti vumbini.

"Nisamehe, mheshimiwa. Yuko hai. Gari limeshafika, nakuomba mumpakie."

Na kama aliyeitwa, Baba Pacha aliguna ndani. Vilio vilikatika. Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

Katibu alibadilika rangi. Mheshimiwa hakubadilika, hakufika alipofika kwa kukasirika mbele za watu. Aliwatazama wale watu, uwanja mzima chini ya turubai lake, akainua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, leo ni siku ya furaha! Tulikuja kulia, tumemkuta ndugu yetu anapumua! Tumshukuru Mungu!"

Watu walipiga makofi. Hata mdogo wake Baba Pacha alipiga, kisha akaitazama mikono yake.

"Na mama huyu amenifundisha. Suala la usafiri wa wagonjwa nimelichukua. Nitalifikisha panapohusika!"

Makofi yalikuwa makubwa zaidi. Mheshimiwa aliinama akaingia ndani, akamshika mgonjwa mkono mpaka picha ikapigwa, akamwambia ajikaze kiume. Alitoka akifuta kiganja kwa leso.

"Na gari, mheshimiwa?"

"Katibu atakusikiliza, mama." Mlango mweusi ulijifunga taratibu, bila kelele.

Katibu alimsogelea. "Umetuaibisha, mama. Nilikupokea vizuri. Nilikupa soda." Alikuwa ameumia kweli. "Ng'ambo ya mto kuna maiti ya haki inangoja viti hivi."

Turubai lilikunjwa. Dereva, ambaye muda wote huo hakuinua macho, alikwenda kulichukua jeneza, katibu akamzuia.

"Liache. Jeneza likishashushwa kwenye nyumba ya mtu halirudi garini tupu. Mfiwa gani atalipokea?" Kisha akamgeukia Mama Pacha, na sauti ikarudi kuwa ile ya ofisini. "Kaa nalo tu, mama. Siku hiyo halitakusumbua."

Vumbi la magari lilitua. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Shemeji yake Mama Pacha, yule mdogo wa Baba Pacha, alilizunguka jeneza, akalizunguka tena. Akashika kishikio, akakitikisa.

"Viko imara," alisema.

Akawatazama wanaume waliobaki uwanjani.

"Mpaka barabara kuu tunafika. Magari yanapita kule."

Wote walijua machela hawana, na kitanda hakibebeki. Baba Pacha alikijenga mwenyewe kwa matofali, akajisifu kwamba hicho hata wezi watakiacha. Walitandika godoro ndani ya jeneza na mto juu yake. Mfuniko wakauegemeza ukutani. Walipomlaza, mgonjwa alizimia, akazinduka, akapapasa mbao kushoto na kulia.

"Kipana," alisema. "Angalau hawakunipunja."

Siku nyingine wangecheka.

Walifika barabara kuu jua likiwa bado na kimo cha mtu. Walisimama kando ya lami, wanaume sita na jeneza begani, Mama Pacha mbele akipunga khanga. Lori la kwanza lilipunguza mwendo. Dereva alivua kofia, akaiweka kifuani, akapita. Gari dogo likawasha taa, likapita polepole, watoto ndani wakigeuzwa nyuso wasiangalie. Mama Pacha akasema wamtue chini. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa walionekana watu waliochoka na msiba wao. Kumtoa ndani hawakuthubutu; akiguswa tu, macho yanageuka.

Kisha likaja basi. Dereva alipoliona jeneza alizima muziki. Basi likaenda mwendo wa mtu, abiria wakivua kofia, wengine wakiinamisha vichwa. Mama Pacha alikimbia nalo sambamba, akilipiga ubavuni kwa viganja.

"Yuko hai! Simameni, jamani, yuko hai!"

Mwanamke mmoja mtu mzima alitoa mkono dirishani, akavishika vidole vyake. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Najua, mdogo wangu," alisema. "Hata mimi kwa wangu nilisema hivyohivyo."

Vidole viliachana. Basi liliongeza mwendo, na kabla halijafika kwenye kona muziki ulikuwa umerudi.

Mama Pacha alirudi akitembea. Ndani ya jeneza kwikwi ilipiga, ikanyamaza, ikapiga tena.

"Limesimama?" aliuliza Baba Pacha.