Muchezo wa Nyavu wa Rosaria

Katika Nchelenge yote, mwaka ule wa 1974, hakuna mutu aliyeweza kumushinda Rosaria katika muchezo wa nyavu. Ni kweli pia kwamba hakuna mutu mwingine aliyeujua, maana aliubuni yeye mwenyewe, mvua ilipomufungia nyumbani na kuku wake.

Ziwa la muchezo huo ni kifuniko cha sanduku la samaki, kimechorwa mistari kwa makaa. Kila mutu ana mitumbwi mitatu: Rosaria mawe, mwenzake maganda ya konokono. Mutumbwi unasogea hatua moja, na pale unapotoka unaacha wavu: punje ya hindi kwa Rosaria, haragi kwa mwenzake. Juu ya wavu hapiti mutu. Ziwa linajaa polepole, na anayekosa njia ameshindwa. Ila mara moja tu, kabla ya kusogea, unaruhusiwa kuinua wavu wako mmoja, na lazima useme kwa sauti, "Navuta."

Kosa la Rosaria lilikuwa kumufundisha Agnès. Huyu alinunua samaki wakavu Nchelenge na kuwavusha mpaka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaïre, na akingojea mashua alilala kwa Rosaria. Serikali ya kule ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, basi kule aliitwa Nkulu, huku Agnès, na kwa majina yote mawili alimushinda Rosaria mara kumi na moja mfululizo. Wala hakujisifu. Alisema tu, pole, yaya, kama mutu anavyomwambia dada yake mukubwa, kisha akaomba chai. Hiyo pole ndiyo iliyomuwasha Rosaria kuliko pilipili.

Sasa siku ya kuvuka ilifika. Binti wa Agnès alikaribia kuzaa, na mama mutu hangerudi mpaka mvua ziishe. Rosaria alijiona akikaa miezi mitano na pole ya kumi na moja imemukwama kooni. Asubuhi akaenda kuchota maji. Aliporudi akaeleza, kwa huzuni nzuri sana, kwamba motere ya Hippolyte mwenye mashua imeharibika na leo havuki mutu.

Agnès alitazama mizigo yake iliyofungwa, akatazama kifuniko.

"Basi lete mahindi yako, yaya."

Siku zote Rosaria alivuta mapema mno, kwa utamu wa kulitamka lile neno. Leo aliuma midomo. Agnès alivuta, yeye akasogeza jiwe lake tu. Jua lilipanda, mahindi na maharagi yakajaa, mpaka Agnès akaingia kwenye nafasi ya mwisho iliyobaki. Hakuwa na njia tena. Rosaria naye hakuwa nayo, isipokuwa chini ya punje moja, kando ya jiwe lake. Akanyoosha kidole.

"Hodi, Kambo."

Alikuwa Hippolyte, anayemuita Rosaria kambo kama bibi yake, amebeba fungu la majani ya mulimau, yale yanayochemshwa kwa homa.

"Motere inanguruma tangu saa mbili, batu banalalamika," akasema. "Lakini ulisema Mama Agnès anatetemeka na malaria, hata kusimama hawezi. Alors, mugonjwa iko wapi?"

Agnès, aliyekuwa anatafuna karanga, aliacha kutafuna. Akamugeukia mwenyeji wake polepole.

"Motere ile iliyoharibika, yaya?"

Rosaria hakuinua macho. Aliinua punje.

"Navuta," akasema.