Kibodi ya Taa

Watu wa Ziwani walipoiona kibodi ile mara ya kwanza walidhani Khawla amefungua disko. Iliwaka nyekundu, ikageuka kijani, ikaingia buluu, kisha ikarudi nyekundu, mchana kutwa, bila kujali kama juu yake panaandikwa barua ya kuomba kazi au tangazo la msiba. Wateja waliokuja kuchapiwa karatasi zao walitabasamu. Mmoja aliuliza kama barua yake nayo itatoka na rangi hizo. Khawla alicheka naye, maana mteja ni mteja, lakini moyoni alimwona mjinga. Mtu huyo alikuwa anayacheka masikio ya mwenzake bila kujua.

Zubeiri, mume wa Khawla, alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Miaka miwili nyuma alikuwa na chumba cha gemu kule Buruburu, kompyuta sita, vijana wakipigana vita vya kwenye skrini na kutukanana kwa furaha kuanzia asubuhi. Ikaja homa ya uti wa mgongo, ikamlaza wiki tano, na alipopata fahamu akakuta dunia imenyamaza. Kompyuta tano ziliuzwa. Ya sita ikaja nyumbani na kibodi yake, nzito kama tofali, vitufe virefu vinavyolia ta-ta-ta hadi jirani akagonga ukuta.

Khawla akaiweka kwenye meza ya sebuleni. Aliitumia kwa kazi za wateja, na kila mtu alipomwambia Zubeiri neno, vidole vya Khawla vililibeba neno hilo mpaka kwenye skrini. Zubeiri alisoma, akajibu kwa mdomo, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Walikwisha kujaribu kuiacha simu iandike yenyewe yanayosemwa. Musab, kaka yake Zubeiri, muuza mbuzi wa Kiamaiko, aliposema mbuzi wamepanda bei, simu iliandika mambo ya bunge. Wakaachana nayo. Vidole vya Khawla havikuwa na upuuzi huo. Viliandika haraka kuliko watu wanavyosema, hata wakisema kwa hasira.

Katika miaka yote miwili vidole hivyo vilidanganya mara moja tu.

Ilikuwa miezi mitatu baada ya ile homa. Zubeiri alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Mama yake naye akalazwa hospitali, na jioni moja simu ya Khawla ikalia. Shamso, dada yao Zubeiri na Musab, ndiye aliyepiga na kumshikia mama simu kando ya kitanda, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama mwenyewe: "Khawla, mwambie mwanangu aje leo. Kesho ni mbali." Khawla akamtazama mumewe, mifupa mitupu chini ya blanketi, nje mvua inamwagika. Akaona akimtoa ndani atamzika yeye kwanza. Akaandika: Mama anakusalimu sana. Alijiambia ikifika Ijumaa atakuwa na nguvu, watakwenda pamoja. Mama hakuifikia hiyo Ijumaa. Alifariki alfajiri iliyofuata.

Tangu hapo Zubeiri alikuwa na kauli moja kila mama yake alipotajwa. "Angalau alinisalimu," alikuwa akisema, kwa sauti ya kusikika ghorofa ya tatu, na Khawla alijihisi amemeza kaa la moto. Angemwambia vipi? Angeanzia wapi? Kila mwezi uliopita uliongeza uzito wa maneno yale matatu.

Kisha Jumatano moja Shamso alipiga simu akilia. "Nisamehe wifi yangu, nimemwambia kaka Musab neno la mama la jioni ile. Lilinitoka tu." Alhamisi Musab akatuma ujumbe wa sauti, maana kuandika kwake kuliishia kwenye jina lake: Jumamosi baada ya adhuhuri anakuja kwa kikao. Kwao, jambo la mume na mke likishafika ukingoni, hukaa mtu mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, yakasemwa ana kwa ana kabla ya talaka kutajwa. Upande wa mume angekaa Musab. Upande wa mke angekaa Bi Mgeni, shangazi yake Khawla, mwanamke wa miwani minene na subira nyembamba.

Mara tatu Khawla aliketi mbele ya kibodi akaandika "Nina jambo la kukwambia," na mara tatu akafuta kabla Zubeiri hajageuka. Jumamosi ikamkuta hajasema kitu.

Walikuja. Salamu zikapita, chai ya tangawizi ikamiminwa, mahamri yakawekwa mezani karibu mno na kibodi. Musab hakugusa chochote. Alikuwa amevaa kanzu safi, amenyoa, na alikaa akiitazama mikono ya Khawla, uso hautazami kabisa.

"Bi Mgeni, mimi sikuja kwa ubaya," alianza. "Haya maneno ningeweza kumtafuta mtu amwandikie ndugu yangu kwa simu. Lakini neno la nyumba halitumwi kwa simu kama bei ya mbuzi. Nataka shemeji aliandike yeye mwenyewe, hapa, wewe ukisoma. Asiruke kitu."

"Ataandika," Bi Mgeni alisema, akavuta kiti mpaka mbele ya skrini. "Mtoto wetu si mwongo."

Khawla akaandika yote mawili, la Musab na la shangazi yake. Zubeiri alisoma akamtazama kaka yake kwa mshangao. Kwake yeye hiki kilikuwa kikao cha ugomvi mdogo wa ndugu, pengine Musab amekasirika hawaendi kumtembelea.

"Mwambie," Musab akaendelea, "kwamba amekuwa kama mateka. Hatoki bila wewe. Hasemi na mtu bila wewe. Akija mtu dukani kwangu kumuulizia, najibu nini? Ndugu yangu anaishi ndani ya vidole vya mke wake!"

Khawla akaandika. Ni kazi chungu kujiandikia mashtaka yako mwenyewe kwa haraka na bila kosa, lakini aliandika, hata lile la vidole. Zubeiri alicheka kidogo. "Kaka, vidole vyenyewe vizuri," akasema. Bi Mgeni akaguna kwa kuridhika, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake, na chai ikamwagika matone mawili matatu juu ya vitufe. Khawla akaruka na ncha ya leso yake akapangusa harakaharaka, huku na huko, asije akaiharibu.

Hapo Musab akainua sauti. "Sasa aandike hili. Kila unachosikia, Zubeiri, kimepita kwake. Unajuaje hapunguzi? Unajuaje haongezi?"

Khawla akashusha vidole. Neno la kwanza lilikuwa "anasema." Zikatoka herufi tatu tu, nazo zimetawanyika, moja huku, nyingine mistari miwili chini. Akafuta, akarudia. Hakuna A. Hakuna S. Akaijaribu W, na kile kimstari kinachomeremeta kikaruka juu badala ya kuandika, kikaingia katikati ya maneno ya zamani, na kila alichoandika kikapasua sentensi zilizokwisha kusomwa. Sasa Kiswahili gani huandikwa bila A?

"Mbona huandiki?" Zubeiri aliuliza.

Akabonyeza tena, kwa nguvu. Chai, alijiambia, chai imeiua. Ya Rabbi, si sasa, siku nyingine yoyote lakini si sasa. Kimstari kilikuwa kinakimbia kwenye skrini kama panya aliyewashiwa taa.

"Umeona, Bi Mgeni?" Musab alikuwa amesimama. "Umeona? Nilipomtaja tu! Siku za mwizi arobaini, wallahi."

"Khawla," shangazi yake akasema polepole, "mwanangu, andika."

"Nabonyeza, shangazi! Haitoki! Tazama mwenyewe!" Machozi yalikuwa yameanza, na hilo lilimtia hasira zaidi, kwa sababu alijua yanavyoonekana. Alikuwa mkweli kwa kila herufi mchana ule, na kibodi ikamfanya mwongo mbele ya mashahidi. Alitafuta kalamu kwenye droo, akapata pini, stempu, kalamu iliyokauka. Akamgeukia Zubeiri akaonyesha vitufe, akaonyesha mikono yake mitupu, akatikisa kichwa. Simu ilikuwa chumbani, imezima; hakuwa na njia nyingine ya kumwambia.

Zubeiri aliitazama skrini, na yale maneno yaliyopasuka. Akainuka, akainama juu ya kibodi. Akashika kitufe kimoja kidogo cha chini upande wa kulia na kile cha W kwa pamoja, akahesabu tatu. Vitufe vinne upande wa kushoto vikapepesa, vikatulia. Akaandika kwa kidole kimoja: WASAA. Herufi zote zikatoka.

"Ni mambo ya gemu," akawaambia wote. "Ukibonyeza vile viwili pamoja, hizi nne zinaacha kuandika, zinakuwa mishale ya kumkimbiza mchezaji. Vijana wangu kule Buruburu walikuwa wananifanyia hivi kila siku. Amepangusa vibaya, basi." Akamgeukia Musab, na sauti yake ikajaza chumba. "Na kaka, unisikilize. Mimi huyu mwanamke amenibeba. Hajawahi kunificha neno. Hata moja."

Khawla alitamani kibodi ingebaki imekufa. Shutuma za Musab alizibeba, lakini utetezi huu ulimshinda. Mumewe alikuwa amesimama mbele ya watu akimwekea dhamana, kifua mbele, na dhamana yenyewe ilikuwa imeoza kwa ndani. La kuvunda halina ubani.

Musab hakupiga kelele tena. Aliketi, akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Vizuri. Imepona. Sasa shemeji, mwandikie hivi: Musab anauliza, mama alisema nini kwenye simu, ile jioni ya mwisho?"

Bi Mgeni alimtazama mpwa wake, na kwa kumtazama tu akaelewa kuna kitu. Akavua miwani. Labda ndiyo iliyokuwa rehema pekee aliyokuwa nayo, kuacha kusoma. Sasa skrini haikuwa na shahidi. Musab hakujua kusoma vizuri. Khawla angeweza kuandika chochote: Musab anauliza kama mama alikusalimu. Zubeiri angejibu ndiyo, alinisalimu, na kikao kingeishia hapo. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe, na taa chini yake zilikuwa zinageuka kutoka kijani kwenda buluu.

Akaandika swali kama lilivyoulizwa. Kisha, bila kusubiri, akaandika jibu. "Mama hakusema anakusalimu. Mama alikuita. Mimi ndiye niliyeandika salamu. Uliogopesha kukutazama, nikaona utakufa njiani. Nikasema Ijumaa. Ni mimi, Zubeiri."

Zubeiri alisoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Hakumtazama. Aliishika kibodi kwa mikono miwili, akaivuta kutoka mbele ya mkewe, waya ukapindua kikombe, akaiweka mbele ya Musab.

"Andika wewe," akasema. "Unataka nifanye nini? Niandikie wewe."

Musab, mwenye vidole vinene vya kukamata mbuzi, akaitazama kibodi ile inayomeremeta kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akatafuta. Akaipata T. Akatafuta tena, akaipata A. L ilimchukua muda mrefu, kidole kikizunguka juu ya taa, kikishuka, kikisita. A tena. Kisha akakwama. Alitazama juu, akatazama chini, akaita herufi kwa kunong'ona, K, K, na hatimaye, kwa mazoea ya mtu yeyote aliyewahi kuingia nyumba ile na neno, akamwinulia Khawla macho amsaidie.

Khawla alijua ni neno gani. Lilikuwa limebakiza herufi mbili. Alinyoosha mkono, akamwonyesha K.

Zubeiri aliuona mkono ule. Kabla kidole cha Musab hakijashuka, akakifunika kiganjani mwake, akakisogeza pembeni kwa heshima, jinsi mdogo anavyomgusa mkubwa wake. Akafuta. A, L, A, T, moja moja, mpaka mstari ukawa mtupu. Akairudisha kibodi mbele ya mkewe.

"Alisema vipi?" aliuliza. Macho yalikuwa mekundu, na hakuna msamaha wowote ndani yake. "Usinipunguzie. Andika kama alivyosema mwenyewe."

Khawla akaandika. Zubeiri akainama karibu na skrini, akasoma kwa sauti, kwa sauti yake ile kubwa isiyojua kipimo, neno baada ya neno: "Mwambie mwanangu aje leo. Kesho ni mbali."

Bi Mgeni alijifunika uso kwa mtandio. Musab aliweka paji la uso juu ya meza, mabega yakatikisika. Jirani, aliyekuwa ameanza kugonga ukuta kwa kelele zile, akaacha. Zubeiri akasoma tena kutoka mwanzo, kwa nguvu zaidi, na jengo zima likasikia maneno ya mama yake isipokuwa yeye.