M Iliyozidi

Alipomaliza E ya pili, fundi alijua kwamba ubao hautatosha.

Alirudisha brashi kwenye kopo, akashika ngazi kwa mkono mmoja na kujivuta nyuma kidogo, kama afanyavyo kila anapotaka kulisoma bango kwa macho ya mpita njia. Mstari wa juu ulikuwa umekaa vizuri: VIBANDA HIVI NI VYA. Chini yake WENYE ilikuwa imefika ukingoni, nyekundu, imenona, haina pa kwenda. Seremala alikuwa ameupunja ubao. JI TU ingeshuka mstari wa tatu, itake isitake.

Chini ya ngazi, muuza mkaa alikuwa akichambua magunia yake na kucheka peke yake. Soko zima lilikuwa limeshauona mzaha ule, isipokuwa mwenyekiti wa soko aliyeliagiza bango. Vibanda vipya ni vya wenyeji tu, na anayetumwa kuyaandika maneno hayo ndiye aliyenyimwa kibanda kwa sababu si mwenyeji.

Jina la fundi mjini lilikuwa Mama Mgeni. Alipewa siku aliyoshuka na mtoto mgongoni, mjane mbichi, akiuliza wapi pa kulala. Mtoto yule sasa anabeba wa kwake mgongoni, na mama bado ni Mgeni. Hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Kinyozi, mchinjaji, duka la dawa, choo cha kulipia, vibao vya makaburi, vyote vilisomeka kwa mkono wake, na watu walimpenda kama wanavyompenda mgeni: wanampa kiti, hawamuulizi mambo ya nyumbani.

Hakutaka makuu. Alitaka mlango. Tangu banda lake la zamani libomolewe alikuwa akiandika nje, na vumbi la soko halina adabu. Unavuta mstari safi, rangi inang'aa, unageuka kuchukua kitambaa, upepo unapita, na herufi imeota vipele. Bango la namna hiyo unalifuta na kuanza upya kwa gharama yako. Macho yake hayakuwa yale ya zamani, na mgongo ulikuwa umeanza kumjibu kila alipoinama. Mwaka mmoja zaidi wa kuandika nje na angeiweka brashi chini moja kwa moja. Alilijua hilo kama anavyoujua upana wa kiganja chake.

Alipoomba kibanda, wajumbe wa soko walimsikiliza kwa heshima. Wakamwambia waanze kwanza wenyeji, wale ambao baba zao walikuwapo, kisha itaonekana. Hiyo "itaonekana" aliielewa vizuri sana.

Sasa akasimama juu ya ngazi, akiwaza neno alilolisikia jana yake kanisani.

Mwalimu wa Maandiko, mzee wa miwani minene aliyesomea Kiebrania ujanani na tangu hapo hakupata mtu wa kuongea naye, alikuwa akiwafundisha habari za mji wa Yabesh-Gileadi. Mfalme amekufa vitani, maadui wamekitundika kiwiliwili chake ukutani, na watu wa mji ule mdogo wanaondoka, wanatembea usiku kucha, wanakwenda kumshusha na kumrudisha azikwe. Basi tazameni, alisema Mwalimu. Wanapozisikia habari, Kiebrania kinawaita wakaao Yabesh, wakazi tu. Baadaye, kitendo chao kinapokumbukwa, kinawaita *baalei* Yabesh. Na umoja wake, *baali*, ni mwenye kitu: mwenye nyumba, mwenye ng'ombe, hata mume.

Mwenyekiti wa soko, aliyekaa benchi moja na fundi, aliuliza kama walipewa hati. Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akakiri kwamba wengi husema ni neno la kawaida tu la raia na hakuna haja ya kulikamua. Kisha akavua miwani.

"Lakini angalieni na letu," alisema. "Mwenyeji ni nani? Ni mwenye mji. Tumelitamka mno mpaka likameza herufi yake."

Wengine walikwisha kufunga vitabu. Fundi hakufunga. Usiku alilala na neno lile kama mtu aliyelala na punje ya mchanga jichoni.

Na sasa lilikuwa mbele yake, limekatika pale pale lilipoungwa. Alivuta uzi wa chaki kwa mstari wa tatu. Akaacha nafasi mwanzoni, akaandika JI, akaandika TU. Ile nafasi ilimtazama. Ilikuwa sawasawa na upana wa herufi moja. Mkono wa mwandika mabango hauvumilii shimo. Ukaenda wenyewe, miguu miwili iliyosimama na bonde katikati.

WENYE MJI TU.

Mwenyekiti alipofika alilisoma kwa sauti, akalisoma tena.

"Umezidisha M, Mama Mgeni."

"Haijazidi. Imerudi kwao."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na jana hakuwa amelala benchini. Uso wake ulionyesha kwamba ameelewa, na kwamba hapendi kuelewa mbele za watu. Wauza mboga walikuwa wameanza kusogea. Akasema mambo ya soko si mambo ya Kiebrania, afute.

"Nitaifuta," alisema fundi. "Bango ni lako. Ila niambie kwanza mwenye mji ni nani, nijue ninayemfungia mlango."

Hajawahi kumjibu mteja hivyo. Akashika kitambaa chenye mafuta ya taa, tayari kufuta, na hapo muuza mkaa akanyanyuka kutoka kwenye magunia yake.

"Mwanangu," alimwambia mwenyekiti, "hebu tazama hicho kipandio cha tatu."

Fundi akamwomba aache. Muuza mkaa hakuacha. Kipandio cha tatu cha ngazi kilikuwa kimefungwa kwa waya, mizunguko mingi, imeshika kutu.

Mwenyekiti alijua nusu ya habari. Mwaka wa mafuriko alikuwa kazini mbali. Mto ulimchukua baba yake, maji yakamtupa mji wa chini, barabara ikakatika, na yeye alipofika alilikuta kaburi limeshafunikwa. Aliambiwa watu wachache walikwenda kwa miguu, wakambeba mzee kwa ngazi. Hakuuliza ngazi ya nani. Mtu aliyefiwa haulizi mambo ya ngazi.

"Baba yako alikuwa mtu wa mwili," alisema muuza mkaa. "Tulipopanda kilima kipandio kikavunjika. Huyu alivua kilemba chake akakifunga, tukaendelea. Waya aliuweka baadaye."

Mwenyekiti alimtazama fundi juu kule. Akamuuliza kwa nini miaka yote hii hakumwambia, wala juzi mbele ya wajumbe.

"Nilikwenda kumchukua jirani," alisema fundi. "Sikwenda kununua kibanda."

Rangi ilikuwa imeanza kutiririka kutoka mguu wa M. Fundi akaidaka kwa kidole kabla haijaharibu J. Alipoangalia chini tena, mwenyekiti alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, mmoja juu ya waya.

"Iache hiyo M," alisema. "Malizia. Nimeshika."

Wajumbe walikutana jioni ile ile. Mmoja alijaribu kuleta habari za taratibu, lakini muuza mkaa alikuwa amekaa mlangoni, mikono imejaa weusi wa mkaa, na hoja ile haikufika mbali. Fundi alipewa kibanda cha pembeni, chenye dirisha upande wa mwanga. Alipopewa ufunguo alicheka mpaka akalia, na hakuona haya.

Siku ya kwanza alifanya kazi tangu asubuhi. Upepo ulipoinuka na kuanza kuchezea vumbi la soko, alikwenda akafunga mlango, akarudi kwenye ubao. Mistari ilikuwa ikikauka laini, bila kipele hata kimoja. Alikuwa bado akiitazama aliposikia kugongwa.

"Hodi, wenyewe."

Aligeuka nyuma, kwa mazoea, kuona ni nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu ila ngazi iliyoegemea ukuta.

"Karibu," alisema.

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa mwenyekiti, kwapani ana kibao cha kaburi la baba yake, herufi zimefifia, na nyuma yake vumbi limetanda soko zima.

"Ingia upesi ufunge," alisema mwenye nyumba. "Rangi bado mbichi."