Kicheko cha Kanisani

Bibi Euphemia alikwishachoshwa na mpangaji wake, Bwana Pringle, aliyetoka mjini Edinburgh akaja kijijini kwao milimani kuokota maneno ya kamusi. Wiki nzima alimganda kama kupe.

"Bibi, hilo neno lenu, snirtle, ni kicheko gani? Asili yake nini?"

"Bwana wee, nimekwambia ni cha puani! Twende kanisani nipumue."

Huko milimani wachunga kondoo husali na mbwa wao, na mbwa wakiona watu wamesimama hujua ibada imekwisha. Kwa hiyo baraka hupokewa watu wakiwa wamekaa. Bibi Euphemia alisahau kumwonya.

Kasisi alipoinua mikono, Pringle akasimama wima, peke yake, kwa adabu zote za mjini. Mbwa kumi na saba wakaruka, wakabweka, wakakimbilia mlangoni, mmoja akiburuta joho la kasisi.

Kucheka kanisani ni mwiko. Midomo ikabanwa, mabega yakatikisika, na puani kukatoka sauti kama ya birika linalochemka.

"Asili ndiyo hiyo," Bibi Euphemia alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Haya, andika!"

Pringle hakuweza. Daftari alikuwa ameling'ata kwa meno yote.