Shina la Ukoo

Naomba ieleweke kwamba uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Ulianza na tonge la kwanza la ugali, ukaisha kabla ya la tatu.

Nilikuwa nimetoka bwenini kwa likizo ya Juni. Mdogo wangu Stumai, mwenye miaka tisa na selimundu tangu azaliwe, alikuwa amelala mkekani akiumwa miguu. Daktari Selestina alikuwa ametupima, akasema mimi na yeye tumelingana. Wangechukua seli shina kwenye uboho wa mifupa yangu, wampandikizie, apone. Fomu ilitaka sahihi za wazazi wote wawili, maana mimi nina miaka kumi na sita, umri ambao mtu hajakabidhiwa rasmi mifupa yake. Mama alisaini palepale.

Baba ni kibarua wa mashamba ya kahawa huku Rhotia. Aliuliza, "Seli shina ndiyo nini?"

Nikavaa uso wa hakimu. "Baba, shina ni shina. Mbuni ukiung'oa shina, utazaa tena?"

Akarudisha tonge kwenye sinia. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee.

Nilipanga kucheka baada ya dakika moja. Nikaona utani umekaa vizuri mno, nikauacha ulale. Asubuhi Baba alikuwa ameshamwambia Mama, "Mimi sisaini."

Nikamkimbilia shambani. "Baba, jana nilikutania. Wallahi."

Aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia tangu nimwekee chura kwenye buti. "Jana ulisema kweli. Leo unadanganya kwa sababu unampenda mdogo wako. Umekua, mwanangu."

"Sijakua, Baba! Muulize Mama!"

"Kwetu Singida nimeacha makaburi tu. Ukoo umebaki kwako."

Daktari alikuja mwenyewe nyumbani. Alieleza kwamba uboho hurudi, kwamba nitaoa na kuzaa mpaka nichoke, ila mishipa ya damu kichwani mwa Stumai inaweza kuziba wakati wowote, haina subira. Baba alimsikiliza kwa heshima zote.

"Daktari, una watoto wangapi wa kiume?"

"Watatu."

"Mimi mmoja."

Daktari akakunja fomu.

Stumai aliniita mkekani. "Kaka, ile ya shina ulimtania?"

"Nilimtania."

Akacheka mpaka akashika kifua. "Nzuri! Sasa mwambie."

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Baba huwa anachelewa kuelewa."

Nilimwambia tena Ijumaa, na Jumamosi mara mbili. Kila mara aliniwekea mkono begani. Nimebakiza miezi kumi na tisa nitimize kumi na minane.

Jumapili nilirudi shule. Nilipoinama kuchukua sanduku langu la bati, Baba aliniwahi, akalitwika kichwani mwake.

"Acha," alisema. "Usiichoshe mifupa."

Akalibeba mpaka barabarani. Stumai, amekaa mlangoni, alinipungia mkono, akamnyooshea Baba kidole kwa nyuma, akacheka.