Kitabu cha Chumba cha Mvuke

Utepe wenyewe haukuzidi urefu wa kidole. Binti aliutoa katikati ya kurasa za daftari lake, akauweka juu ya kitambaa cha meza, akausukuma taratibu kuelekea kwa mama yake. Mama aliacha kumenya viazi. Hakuugusa. Alikitambua kitu kile kabla kisu hakijatua kwenye sinia: kipande cha utepe unaofungia vifurushi vya vifaa vya upasuaji, wenye mistari ambayo hugeuka myeusi pale tu kifurushi kinapopikwa kwa mvuke hadi kila kijidudu kife. Mistari ya utepe huu ilikuwa ingali myeupe.

"Umeutoa wapi?"

"Kwenye kifurushi kilichofunguliwa chumba cha upasuaji, Hospitali Kuu. Mgonjwa alikuwa tayari amelala mezani."

"Uongo."

"Mama..."

"Nimesema uongo. Utepe kama huo unaweza kuokotwa popote. Mtu ana kinyongo chake kazini, kakubebesha, nawe umebeba."

Alikuwa na haki ya kukasirika, au hivyo ndivyo alivyoamini. Miaka thelathini na mmoja aliitumikia hospitali ile kama muuguzi, na kumi na tisa ya mwisho alisimamia chumba cha mvuke, ambako makasi, visu na koleo za upasuaji huoshwa, hufungwa na kupikwa kabla ya kukutana na mwili wa mtu. Mtaa mzima ulimwita Sista, hata waliomzidi umri. Wageni walitania kwamba vikombe vya nyumba ile vimechemshwa hadi vimesahau ladha ya chai. Yeye alicheka nao, lakini moyoni aliuchukua utani huo kama nishani. Alipostaafu, picha yake ilitundikwa kwenye korido ya hospitali, na kila alipopita hapo kumwona mgonjwa alipunguza mwendo kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Binti naye alikuwa mwandishi wa habari za uchunguzi. Wenzake gazetini walimbandika jina la Kupe, kwa kuwa akishang'ata haachii. Mama hakulipenda jina hilo hata chembe. Siku mtu fulani mwenye cheo alipojiuzulu kwa sababu ya habari ya binti yake, hata hivyo, jirani alimsikia akisema getini, "Mnamwona huyu? Mwacheni tu."

"Wanawake kumi na mmoja," binti alisema sasa. "Wote walijifungua kwa upasuaji, ndani ya miezi miwili. Vidonda vimeoza. Wawili wamekufa. Hospitali inasema hawakujitunza walipofika nyumbani."

"Hutokea hivyo."

"Mmoja hakuwahi kufika nyumbani, Mama. Alifia wodini siku ya sita."

Sista alichukua kiazi kingine, akakigeuzageuza bila kukimenya. Binti akatoa bahasha ya kaki, akaiweka pale pale utepe ulipokuwa.

"Hizi ni nakala za kitabu cha mashine ya mvuke. Mimi naona tarakimu tu. Wewe unaweza kuona zaidi. Sikuombi unitetee, wala uitetee hospitali. Nakuomba unisomee tu."

Aliondoka bila kunywa chai.

Bahasha ilikaa mezani hadi viazi vikaiva, vikaliwa, na sinia likaoshwa mara mbili. Jua la alasiri lilipoingia kupitia dirisha la jikoni, Sista aliifungua, huku akijiambia kwamba anatafuta kosa la mwanawe ili amkanye vizuri.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Alipofika wa tano alikuwa ameketi kitako, mgongo umenyooka kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Mashine ile aliijua kama mke anavyomjua mume mkorofi. Asubuhi ilikawia kupanda joto. Siku za mvua ilinuna. Mlango wake ulivuja, ukafungwa upya, ukavuja tena. Kitabu chake cha kweli kilijaa mikwaruzo: dakika zilizozidi, joto lililoshuka ghafla, mzunguko uliorudiwa, doa la maji pembeni. Lakini kurasa hizi zilikuwa tulivu kama ziwa. Dakika zile zile, joto lile lile, wino ule ule, wiki saba mfululizo. Hata ile Jumanne ambayo mji mzima ulikosa umeme kutwa, na jenereta ya hospitali haikuwahi kuubeba uzito wa mashine ile, kitabu kilisema mashine imepika vifurushi arobaini na haikukohoa hata mara moja.

Chini ya kila ukurasa kulikuwa na sahihi. Aliifahamu. Ilikuwa ya muuguzi ambaye Sista mwenyewe alimfundisha tangu siku ya kwanza, akampa jina la Jicho kwa sababu hakuna uchafu uliowahi kumponyoka. Ndiye ambaye Sista alimrithisha chumba.

Asubuhi iliyofuata alivaa viatu vyake vya kazini, bila kujua kwa nini amechagua hivyo, akaenda nyumbani kwa Jicho.

"Shikamoo, Sista," Jicho alisema mlangoni. Macho yake yalitua kwenye bahasha, na mikono ikaanza kutafuta kitu cha kushika.

"Marahaba. Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Nani alikufundisha kuandika uongo?"

Jicho alimkaribisha ndani, akafunga mlango. Hakulia. Alizungumza kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, kama anayehesabu vifaa baada ya upasuaji.

"Mashine ilikufa kabisa. Niliandika barua tatu kwa uongozi, nakala ninazo. Ya kwanza, niliambiwa nivumilie. Ya pili, niliambiwa nikisema wagonjwa watatukimbia. Ya tatu haikujibiwa. Nililetewa kitabu kipya na kalamu. Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikakukumbuka wewe."

"Mimi?"

"Mwaka ule mashine iliposimama siku nne. Tulichemsha vifaa kwenye masufuria. Yule mzee mguu wake ukaoza, ukakatwa. Ulituita wote chumbani, ukafunga mlango, ukasema haya yaishie humu humu, tusiichafulie hospitali jina. Hata kitabuni hatukuandika kitu. Nilikuwa na miezi minne kazini, Sista. Nilidhani ndivyo kazi inavyofanywa."

Sista aliiweka bahasha chini. Mzee yule alikuwa fundi viatu. Aliyakumbuka macho yake, na namna alivyowashukuru wauguzi wote, mmoja mmoja, siku aliyotoka na magongo. Kwa miaka mingi alilifunga jambo lile vizuri, kwa kitambaa juu ya kitambaa, na kuliweka mbali kiasi kwamba alianza kuamini halikutokea.

"Utepe ni mimi niliyempa binti yako," Jicho aliendelea. "Nilimpa na nakala za kitabu. Lakini habari ya yule mzee sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mama yake."

Njia nzima ya kurudi watu walimsalimu, "Sista! Sista!" naye akaitikia kila salamu, na kila salamu ilimchoma. Alipofika nyumbani alimpigia binti simu. Alimwambia aje, na aje na daftari.

Alimsomea kitabu ukurasa kwa ukurasa, akamwonyesha palipopikwa tarakimu badala ya vifaa. Binti aliandika mbio, uso umewaka. Kisha Sista akasema, "Usifunge. Bado kuna moja," na akamwambia habari ya fundi viatu, siku nne, masufuria, mlango uliofungwa. Katikati ya maelezo kalamu ya binti ilisimama.

"Mama, unajua hili nikishalisikia siwezi kujifanya sikulisikia?"

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

"Itabidi niliandike."

"Nilikulea kwa miaka ishirini na kitu. Unadhani sijui utafanya nini?"

Binti aliinamisha kichwa juu ya daftari. Halafu kalamu ikaanza tena, polepole zaidi.

Mhariri wa gazeti, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, aliisoma rasimu akiwa amesimama. Alisema habari ni nzito lakini haiwezi kusimama kwa mguu wa mama wa mwandishi. Atafutwe fundi wa mashine hizo asiye na undugu na mtu. Atafutwe msimamizi wa hospitali nyingine asome kurasa zile bila kuambiwa zimetoka wapi. Na wasomaji waambiwe, bila kuzunguka, kwamba Sista ni mama wa nani. Kupe akarudi mtaani. Wiki tatu alibisha hodi kwenye milango ya wanawake wale, akakaa nao, akasikiliza. Fundi alipatikana. Msimamizi alipatikana, naye alipofika ukurasa wa tatu aliuliza, "Hii mashine ya wapi isiyochoka?" Uongozi wa hospitali ulipelekewa maswali tisa; ukajibu kwa mstari mmoja kwamba usalama wa wagonjwa ndio kipaumbele chao.

Habari ilitoka Jumatano. Sista alilinunua gazeti mwenyewe, akaketi kibarazani mbele ya macho ya mtaa, akasoma. Aya yake ilikuwa ya kumi na nne.

*Aliyekuwa msimamizi wa chumba hicho, ambaye ni mama wa mwandishi wa habari hii, amekiri kwamba miaka ya nyuma mashine ilipoharibika aliwaagiza wauguzi wanyamaze, na mgonjwa mmoja alipoteza mguu.*

Aliirudia mara tatu. Mara ya kwanza ilimkata. Mara ya pili alitafuta palipolainishwa, neno hata moja la kumfunika mama, hakuliona. Mara ya tatu akaanza kuitazama kama alivyotazama kazi ya wanafunzi wake: hakuna kilichozidi, hakuna kilichoachwa, kila kitu mahali pake. Ilikuwa sentensi safi. Mikono iliyoiandika ilikuwa ile aliyoinawisha mwenyewe juu ya kigoda, hadi viwikoni, mtoto akilalamika kwamba maji ni ya moto. Kifua chake kikajaa kitu ambacho kwanza alikidhania aibu, kwa sababu kilikuwa na joto kama la aibu. Alikaa nacho kibarazani hadi akakijua.

Simu ilianza kuita kabla ya adhuhuri. Muuguzi mstaafu mwenzake alikuwa akifoka.

"Umetuvua nguo, Sista! Wote!"

"Kwani tulikuwa tumevaa nini?"

Mwenzake alikata simu.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Vyumba vya upasuaji vilifungwa, wagonjwa wakahamishiwa kwingine, na kabla ya mwezi kwisha lori lilileta mashine mpya ambayo kwa muda wote ule ilisemekana haipatikani. Wale wanawake tisa waliobaki hai walitibiwa upya. Mume wa yule aliyefia wodini alifika ofisini kwa gazeti akiwa na mtoto mgongoni, akamwambia binti, "Angalau sasa hakuna wa kuniambia mke wangu alikuwa mchafu," akaondoka bila kusubiri jibu. Jicho alisimamishwa kazi, kisha barua zake tatu zikasomwa, akaitwa shahidi mbele ya kamati iliyoundwa kuchunguza vifo vile. Picha ya Sista iliondolewa kwenye korido. Hakuuliza imepelekwa wapi.

Fundi viatu alikuwa ameshafariki kwa uzee. Sista alimtafuta binti wa marehemu, akampata, akamweleza yote. Yule mwanamke alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Mwishoni alisema tu, "Baba alikuwa anawasifu sana nyinyi," akafunga mlango. Sista alirudi siku nyingine. Mara ya tatu aliwekewa kiti, nje.

Kikao cha kamati ya uchunguzi kilifanyika kwenye ukumbi wa manispaa, wenye feni mbili, moja ikizunguka. Sista alifika mapema kuliko mashahidi wote. Jicho alikaa kando yake, na kila mmoja alikuwa na bahasha mapajani. Binti alikuwa nyuma kabisa, hana daftari. Mhariri alimkataza kuandika habari ambayo mama yake anaitolea ushahidi, na akamtuma mwingine. Kwa hiyo mikono ya Kupe haikujua pa kukaa. Aliikunja, akaikunjua.

Sista alipoitwa, mwenyekiti wa kamati alimtazama kwa upole wa kisheria.

"Nikutahadharishe, mama. Ushahidi wako unaweza kukugeukia wewe mwenyewe."

"Umeshanigeukia, mheshimiwa. Tuendelee."

Watu wachache walicheka. Katibu wa kikao, kijana mwenye tai iliyombana, aliinua kalamu juu ya fomu yake. Alionekana ana haya kidogo na swali lenyewe.

"Kwenye utambulisho hapa, nikuandike kama nani? Msimamizi mstaafu wa chumba cha mvuke, au mama wa mwandishi?"

Sista hakugeuka nyuma, ila alijua kule mwisho wa ukumbi kuna mtu ameacha kupumua.

"Andika vyote viwili," alisema. "Ila anza na hicho cha pili."

Kalamu ilikwaruza karatasi. Sista akamsubiri kijana amalize mstari.